Kilemba cha Ukoka Ofisini

Barua za toleo hili zimeandikwa na watu wanaofanya kazi katika kampuni binafsi, na karibu zote zinalalamikia jambo moja: uongozi umetangaza kwamba kampuni imebadilika katika namna inavyowatendea wanawake, ilhali walio ndani hawaoni kilichobadilika isipokuwa mabango. Tumechagua nne. Majina ya waandishi na ya kampuni zao tumeyahifadhi, na baadhi ya maelezo tumeyapunguza ili mtu asitambulike.

SWALI: Ndugu mwandishi wa safu, salaam. Mimi ni mhandisi katika kampuni ya mitambo ya umeme jijini Dar es Salaam. Miaka michache iliyopita mwenzetu mmoja alimlalamikia mkuu wa kitengo kwa kumtumia ujumbe wa usiku usio na staha. Kulizuka zogo, akaletwa mshauri kutoka nje, tukapelekwa semina hotelini siku nzima, na Idara ya Utumishi ikapewa jina jipya, Idara ya Watu na Utamaduni. Tangu hapo, kila tarehe 8 Machi wanawake wote tunashonewa sare ya kitenge, tunakata keki mapokezi na kupigwa picha. Mwenzetu aliyelalamika alihamishiwa tawi la mkoani. Mkuu wake yupo palepale. Kwenye vikao mimi ndiye ninayeambiwa niandike muhtasari, ingawa yupo kijana wa kiume aliyeajiriwa juzi tu, na chai ikichelewa macho yote hunigeukia. Safari za kwenda kukagua mitambo mikoani hupangiwa wanaume, na nikiuliza naambiwa, "Wewe mama una mtoto mdogo, tumekuonea huruma." Nikieleza kinachonikera, wenzangu hunijibu kwamba kampuni imeshatufanyia mengi. Je, ni kweli mimi ndiye nisiye na shukrani?

JIBU: Hapana, dada yangu. Shukrani hutolewa kwa aliyekufanyia hisani, na mengi unayoyadai ni haki yako kwa mujibu wa sheria, hata kama yamekuwa yakizungumzwa kama zawadi.

Nianze na safari, kwa sababu ndiyo sehemu ya barua yako ambayo mtu wa nje anaweza kuipita haraka akidhani ni jambo dogo. Kila aliyefanya kazi katika ofisi zetu anajua kwamba safari ya kikazi si matembezi. Safari ina posho, na wapo watumishi wengi ambao nyumba zao zimeezekwa kwa posho na si kwa mshahara. Zaidi ya posho, anayekwenda ndiye anayeiona mitambo ikiwa imefunguliwa, ndiye anayefahamiana na mafundi wa mkoani na wateja wakubwa, na ndiye anayeandika ripoti ambayo mkurugenzi ataisoma ikiwa na jina lake chini. Miaka kadhaa baadaye, nafasi ya mhandisi mwandamizi inapotangazwa, kamati ya usaili inauliza nani ana uzoefu wa mitambo ya mikoani, na jibu linakuwa limekwisha kupangwa bila mtu yeyote kutamka kwamba wanawake hawatakiwi. Ubaguzi wa namna hii hauna matusi wala ukali. Unakuja kwa sauti ya upole na kumuulizia mtoto hali. Huruma ambayo hukuiomba, na ambayo mwisho wake inakukosesha posho na cheo, ni uonevu kama uonevu mwingine.

La kudai hapo ni dogo na halina ubishi. Zamu ya safari iandikwe na kubandikwa ukutani, kila mhandisi aulizwe mwenyewe kama anaweza kwenda, na asiyeweza aseme kwa kinywa chake. Muhtasari wa vikao nao uwe wa zamu, na zamu ianze na kijana huyo wa juzi, kwa maana kuandika muhtasari ni njia nzuri ya mgeni kujifunza kazi. Kuhusu chai sina la kuongeza: jikoni hakuna mtambo unaohitaji utaalamu maalumu.

Sasa tuje kwenye jina jipya la idara. Kubadilisha majina ni dawa inayopendwa na kampuni zilizofumaniwa, na mfano unaojulikana zaidi ulitokea San Francisco, Marekani. Mwezi Februari 2017, Susan Fowler, mhandisi aliyekuwa ameacha kazi katika kampuni ya usafiri ya Uber, aliandika hadharani jinsi alivyouishi mwaka wake huko. Siku yake ya kwanza katika timu aliyopangiwa, mkuu wake alimtumia ujumbe wa kumtongoza. Alipoupeleka Idara ya Utumishi, aliambiwa kwamba hilo lilikuwa kosa la kwanza la mtu huyo na kwamba ni mchapakazi hodari asiyestahili kuharibiwa kazi. Baadaye akakutana na wanawake wengine walioambiwa maneno yaleyale kuhusu mtu yuleyule. Kisha kuna kisa cha majaketi. Wahandisi wote wa kitengo chake waliahidiwa majaketi ya ngozi na wakapimwa, lakini wanawake, ambao walikuwa wamebaki kama sita hivi, wakaandikiwa kwamba wao hawatapata kwa kuwa idadi yao haitoshi kuagizia. Wanaume waliokuwa wakinunuliwa walikuwa zaidi ya 120. Fowler alipohoji, alijibiwa kwamba kama wanawake wanataka usawa kweli, waelewe kuwa kukosa majaketi ndiko usawa wenyewe.

Yaliyofuata yanafanana na ya kwenu, ila kwa ukubwa wa Marekani. Uber ilimwajiri Eric Holder, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa nchi hiyo, achunguze na kupendekeza. Wafanyakazi wapatao 20 walifukuzwa. Na ukumbi wa mikutano uliokuwa ukiitwa Chumba cha Vita ukabatizwa Chumba cha Amani. Tarehe 13 Juni 2017 wafanyakazi wote waliitwa wasomewe mapendekezo. Mjumbe wa bodi, Arianna Huffington, alikuwa akieleza kwamba bodi ikishapata mwanamke mmoja, uwezekano wa kupata wa pili huongezeka, ndipo mjumbe mwenzake, David Bonderman, akadakia kwamba kinachoongezeka hasa ni maongezi. Maneno hayo yalitamkwa ndani ya mkutano ulioitishwa kukomesha maneno kama hayo. Alijiuzulu siku hiyohiyo, na mkurugenzi mkuu, Travis Kalanick, akafuata wiki iliyofuata.

Ukiniuliza ni lipi katika hayo lilikuwa badiliko la kweli, sitakutajia jina la chumba wala semina. Nitakutajia makubaliano ya Desemba 2019 kati ya Uber na tume ya serikali ya Marekani inayosimamia fursa sawa za ajira. Kampuni ilikubali kutenga dola milioni 4.4 za kuwalipa walioathirika, kuweka utaratibu wa kumtambua mfanyakazi anayelalamikiwa zaidi ya mara moja pamoja na meneja anayeyakalia malalamiko, na kukaguliwa na msimamizi wa nje kwa miaka 3. Hapo mtu aliyekuwa akiamua gizani aliondolewa sehemu ya mamlaka hayo. Kampuni yenu, kwa maelezo yako, haijamwondolea mtu yeyote chochote, isipokuwa mlalamikaji aliyeondolewa Dar es Salaam.

Kwa upande wa sheria zetu, kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinakataza ubaguzi wa moja kwa moja na usio wa moja kwa moja kwa misingi ya jinsia, ujauzito, hali ya ndoa au majukumu ya familia, miongoni mwa mengine, na kinahesabu unyanyasaji kuwa ni aina ya ubaguzi. Huruma ya mtoto mdogo uliyoieleza inagusa majukumu ya familia moja kwa moja. Kifungu hichohicho kinamtaka mwajiri asajili kwa Kamishna wa Kazi mpango wake wa kukuza fursa sawa na kuondoa ubaguzi mahali pa kazi. Waandikie Idara ya Watu na Utamaduni, kwa barua pepe na kwa adabu zote, uwaulize mpango wa kampuni ulisajiliwa lini na unaweza kuusoma wapi. Kama upo, utakuwa na ahadi za kuwashikia. Kama haupo, watajua kwamba unajua.

Mkishindwana, shauri hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na ukishaonyesha dalili za msingi za ubaguzi, ni mwajiri anayepaswa kuthibitisha kwamba haukutokea. Angalia tarehe: malalamiko ya namna hii hufikishwa Tume ndani ya siku 60, na ya kuachishwa kazi ndani ya siku 30. Mwenzenu aliyehamishwa huenda amepitwa na muda huo, lakini Tume inaweza kupokea shauri lililochelewa ikiridhika na sababu alizotoa, kwa hiyo asikate tamaa kabla ya kuuliza. Na kama ujumbe ule wa usiku uliambatana na ahadi ya cheo au kitisho cha kukikosa, hiyo ni rushwa ya ngono chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, na mlango wake ni TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa.

Sina ugomvi na kitenge. Wapo wanaokifurahia, na siku moja ya kucheka na wenzako haimdhuru mtu. Ila fundi akishalipwa na keki ikishaliwa, mtu asiyaweke hayo katika hesabu ya mageuzi.

SWALI: Mimi ni meneja rasilimali watu katika kampuni ya kusambaza bidhaa jijini Mwanza. Mkurugenzi ameniagiza niandae mkakati wa jinsia ndani ya mwezi mmoja, na ameshanitajia anachotaka kukiona: kaulimbiu, video fupi, na mwanamke mmoja kwenye bodi. Nakiri naona aibu, maana hali halisi naijua. Bajeti niliyopewa ni ndogo. Nifanye nini ambacho hakitakuwa maonyesho?

JIBU: Wewe, ndugu, una kitu ambacho waandishi wengine wa barua hizi hawana, nacho ni orodha ya mishahara. Bajeti haihitajiki kuifungua. Ondoa majina, panga watu kwa daraja la kazi, kisha weka wanawake upande mmoja na wanaume upande wa pili, na usiishie kwenye mshahara wa msingi. Ongeza posho za safari, bonasi, nani alipelekwa mafunzo, nani anakaimu nafasi bila kuthibitishwa na amekaimu kwa muda gani. Hapo kwenye kukaimu kaa sana. Katika kampuni nyingi utamkuta mwanamke anayeifanya kazi ya mkuu wa idara kila siku, anasaini kila kitu, na barua ya kuthibitishwa haifiki, mpaka siku anapoletwa mwanaume kutoka nje na yeye kuambiwa amwelekeze kazi.

Utakapokuta tofauti ya mshahara kati ya watu wa daraja moja, rudi nyuma mpaka siku ya kuajiriwa. Mara nyingi tofauti ilizaliwa kwenye swali moja la usaili: "Huko ulikotoka ulikuwa unalipwa kiasi gani?" Aliyeonewa na mwajiri wa zamani huja na uonevu wake kwenye bahasha, na mwajiri mpya huupokea akidhani anapanga mshahara kwa haki. Lifute swali hilo kwenye fomu zenu, mshahara upangwe kwa kazi yenyewe, na utakuwa umefanya jambo ambalo video haiwezi kulifanya. Swali jingine la kufuta ni lile la kumuuliza msichana ana mpango wa kuolewa lini. Hilo halijawahi kuwa swali la kazi.

Wazo la kuanza na takwimu si langu. Uingereza, tangu kanuni za mwaka 2017, huwalazimu waajiri wenye wafanyakazi 250 au zaidi kutangaza kila mwaka tofauti kati ya malipo ya wanaume na ya wanawake. Tarehe 8 Machi 2022, kampuni na taasisi za huko zilipotuma salamu za Siku ya Wanawake mtandaoni kama kawaida, akaunti moja iliyokuwa ikijiendesha kwa programu ya kompyuta iliichukua kila salamu na kuiwekea pembeni takwimu ambazo mwajiri huyo mwenyewe alikuwa ameshaziwasilisha serikalini. Baadhi walizifuta salamu zao. Iceland ilikwenda mbele zaidi: sheria iliyoanza kutumika Januari 2018 ilimtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 25 au zaidi athibitishe mwenyewe, na kupewa cheti, kwamba analipa sawa kwa kazi zenye thamani sawa. Usiwaige kwa kila kitu, lakini iga hilo la mwajiri kubeba mzigo wa kuthibitisha. Sheria yetu ya 2004 nayo inamtaka mwajiri achukue hatua za makusudi kuhakikisha malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa, ingawa ni wachache wanaoifungua mpaka ukurasa huo.

Kuhusu mwanamke wa kwenye bodi, usimkatalie mkurugenzi, ila mwambie ukweli. Norway ilipitisha sheria mwaka 2003 ya kutaka angalau asilimia 40 ya wajumbe wa bodi za kampuni za hisa za umma wawe wa kila jinsia, na kufikia 2008 kampuni zikawa zimelazimika kutii. Wachumi waliofuatilia matokeo waliona kwamba wanawake walioingia walikuwa na sifa na walinufaika, lakini hawakuona faida kubwa ikishuka kwa wanawake wa madaraja ya chini katika kampuni zilezile. Kwetu pia mwanamke kushika uongozi wa juu si jambo geni tena. Ruth Zaipuna alishika uongozi wa Benki ya NMB mwaka 2020, na Rais Samia Suluhu Hassan aliapishwa Machi 2021. Wote wawili hawawezi kumsaidia karani wa ghala lenu anayekamulia maziwa chooni kwa sababu hakuna chumba.

Hapo kwenye maziwa ndipo ningeitumia bajeti yako ndogo. Sheria inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijifungua watoto zaidi ya mmoja, na anaporudi inamruhusu hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Muulize mama yeyote ofisini kwenu kama amewahi kuzitumia saa hizo bila kukunjiwa uso. Chumba kidogo chenye mlango unaofungwa, kiti, sinki na jokofu hakishindi gharama ya video. Baba kisheria ana siku 3 tu. Kampuni ikiamua kumwongezea, na wakubwa wakazitumia siku hizo wao wenyewe, itasaidia kuondoa dhana kwamba mtoto ni suala la mfanyakazi wa kike peke yake.

Jambo la mwisho kwako ni saa za vikao. Claudia Goldin, mwanauchumi wa Marekani aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2023, ameonyesha kwamba katika nchi tajiri sehemu kubwa ya pengo la mapato linalobaki siku hizi hufunguka baada ya mtoto wa kwanza, hasa katika kazi zinazomzawadia zaidi mtu anayepatikana muda wote. Kwetu anayepatikana muda wote ni yule ambaye nyumbani kuna mtu mwingine anayepika na kuogesha watoto. Kikao kikiitwa saa kumi na moja na nusu jioni, na mambo ya maana yakaamuliwa baadaye baa au kwenye kundi la WhatsApp saa nne usiku, utakuwa umewachuja watu bila kutangaza mchujo. Andika katika mkakati wako kwamba uamuzi wowote wa kazi, cheo au pesa utakaofanywa nje ya saa za kazi ni batili mpaka urudishwe kikaoni. Tarajia mkurugenzi akukazie macho kwenye sentensi hiyo kuliko nyingine zote.

SWALI: Mbona hamsemi ukweli kwamba siku hizi wanaobaguliwa ni wanaume? Kazini kwetu nafasi mbili za usimamizi wamepewa wanawake mfululizo. Na tuseme wazi: mabosi wa kike ni wakali kuliko wanaume, na wanawake wenyewe hawapendani. (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Kama unaamini ulinyimwa nafasi kwa sababu wewe ni mwanaume, kifungu cha 7 kilichotajwa juu kinakulinda na wewe, kwa sababu kinasema jinsia bila kuchagua ipi; kinaruhusu tu hatua za kukuza usawa zinazoendana na sheria. Omba alama za usaili. Zikionyesha kwamba uliwazidi, una hoja. Zikionyesha kwamba walikuzidi, basi nafasi mbili zimekwenda kwa waliostahili, na sijui kama uliandika barua wakati nafasi zilizotangulia zilipokwenda kwa wanaume mfululizo.

Kuhusu ukali, fanya jaribio la wiki moja. Kila bosi wa kike atakapofoka, andika maneno yake, kisha yasome kama yaliyosemwa na bosi wa kiume. Mengi utayaona ni maagizo ya kawaida ya kazi, ambayo kwa mwanaume tunayaita msimamo na kwa mwanamke tunayaita kisirani. Yatakayobaki makali hata baada ya hapo, yalalamikie kama ungemlalamikia mtu mwingine yeyote. Na wafanyakazi hawaajiriwi ili wapendane.

SWALI: Nakuandikia kutoka Nairobi. Mimi hufanya kazi ya mauzo katika kampuni ambayo ina sera nzuri ya kupinga unyanyasaji wa kingono. Imebandikwa hadi kwenye lifti. Lakini meneja wetu, ambaye huleta pesa nyingi kuliko sote, huwagusagusa wasichana wanaokuja mafunzoni na kuwaambia maneno machafu, na mwaka huu alianza kwangu. Nilipopeleka malalamiko niliambiwa kwamba jambo hilo litamalizwa kinyumbani, kisha nikapewa karatasi ya kuahidi kutolizungumzia popote. Bado sijatia sahihi. Nifanyeje?

JIBU: Usitie sahihi kabla wakili wako hajaisoma karatasi hiyo. Si wakili wa kampuni, wako. Ukikosa uwezo wa kumlipa, FIDA-Kenya, shirika la mawakili wanawake, limekuwa likitoa msaada wa kisheria tangu miaka ya 1980.

Sera iliyo kwenye lifti haikuwekwa hapo kwa ukarimu. Kifungu cha 6 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 kinamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi atoe taarifa ya sera kuhusu unyanyasaji wa kingono baada ya kushauriana na wafanyakazi wake. Taarifa hiyo lazima ieleze unyanyasaji ni nini, malalamiko yanapelekwa vipi, mkosaji atachukuliwa hatua gani za nidhamu, na kwamba jina la mlalamikaji halitatangazwa ila pale inapohitajika kwa uchunguzi au hatua za nidhamu. Angalia vizuri hilo la mwisho: usiri uliokusudiwa na sheria ni wa kukulinda wewe. Karatasi uliyopewa inaugeuza ukamlinda meneja. Sera ya kampuni yako ukiisoma mstari kwa mstari pengine utakuta inakukubalia kila unachokitaka, na kwamba wanaoikiuka ni haohao walioibandika.

Woga wa kumgusa mleta pesa haukuanzia Nairobi. Mwezi Oktoba 2018 gazeti la New York Times liliripoti kwamba Google ilimlipa Andy Rubin, mwasisi wa Android, dola milioni 90 alipoondoka mwaka 2014, ingawa kampuni ilikuwa imeona tuhuma za kingono dhidi yake zinaaminika; Rubin mwenyewe alizikana. Tarehe 1 Novemba 2018 wafanyakazi wapatao 20,000 walitoka nje ya ofisi za kampuni hiyo katika miji mingi duniani. Moja ya madai yao lilikuwa kuondolewa kwa sharti la kumaliza kesi za namna hiyo faraghani, kwa wasuluhishi badala ya mahakama, na ndani ya wiki moja kampuni ilikubali kwa upande wa unyanyasaji wa kingono. Baadhi ya waandaaji wa mgomo huo waliacha kazi baadaye wakisema wamelipiziwa kisasi. Nakutajia hilo bila kulificha kwa sababu na wewe unaweza kulipiziwa, kwa kubadilishiwa eneo la mauzo au kupunguziwa wateja, na ni vizuri ulipokee ukiwa na maandishi mkononi.

Kwa hiyo andika. Tafuta daftari ambalo halikai ofisini, uweke tarehe, saa, mahali, maneno yaliyotamkwa kama yalivyotamkwa, na nani alikuwa karibu. Ujumbe wa simu uuhifadhi mahali ambapo kampuni haiwezi kuufuta. Simu na kompyuta ya kazi si mahali pa ushahidi. Andika pia takwimu zako za mauzo za kila mwezi kuanzia sasa, ili mtu asije akasema ghafla kwamba kazi yako ilishuka. Wasichana wa mafunzoni usiwasemee bila ridhaa yao, lakini zungumza nao. Wao ndio wasio na mkataba wa kudumu, ndio wenye hofu zaidi, na wakijua kuwa yuko mtu aliyekwisha kuandika, huenda nao wakaandika ya kwao.

Kampuni isipochukua hatua, unaweza kwenda kwa afisa wa leba, au kufungua kesi katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Kifungu cha 5 cha sheria hiyohiyo kinaweka ubaguzi na unyanyasaji wa mfanyakazi mahali pamoja, na kinamtwika mwajiri mzigo wa kuthibitisha kwamba ubaguzi unaodaiwa haukutokea. Kwa ujumla sheria inakupa miaka 3 ya kufungua kesi, lakini mashahidi huhama kazi na kumbukumbu hufifia, basi usiitumie yote. Kuguswa kwa mtu asiyekubali ni suala la polisi pia, kwa kuwa Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 inamhusu moja kwa moja mtu anayetumia mamlaka yake kumsumbua mwenzake kingono.

Malalamiko yako ya kwanza, kwa ninavyoelewa, uliyatoa kwa mdomo. Yaandike upya wiki hii, kwa kurejelea sera ya kampuni na kifungu cha 6, uwape siku 14 za kujibu, na unapoikabidhi barua hiyo uende na nakala mbili, moja ibaki kwao na nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe urudi nayo nyumbani. Wakikataa kugonga muhuri, itume palepale kwa barua pepe kwa idara husika na kwa mkurugenzi mkuu, nawe ujitumie nakala kwenye anwani yako binafsi.